MF 135 ya dizeli: selfu inagonga "tak" tu, na asubuhi inatoa moshi mweupe bila kushika

Mlimaji_Makambako

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwa wanaoijua vizuri Massey Ferguson 135 ya dizeli, injini ya Perkins silinda tatu (AD3.152), pampu ya CAV ya mzunguko, yenye altaneta.

Shida ni mbili. Ya kwanza, nikizungusha funguo mara nyingi selfu inagonga "tak" moja, taa zinafifia karibu kuzimika, injini haigeuki. Nikirudia rudia inageuka, ila kwa uzito. Betri ni N70, ni mpya, na vichwa vyake nimevikaza.

Ya pili, hata ikizunguka, asubuhi inatoa moshi mweupe mwingi kwenye ekzosi na haishiki. Ikishawaka inalima siku nzima na jembe la diski tatu, nguvu ipo. Ikizimwa ikiwa ya moto na kuwashwa palepale inashika mara moja. Kwa baridi ya huku Njombe mwezi wa sita na wa saba inabidi tuilaze kwenye mteremko.

Fundi anataka ninunue selfu nzima, halafu pampu na nozeli ziende kupimwa mjini. Kabla ya kutoa hela hiyo nataka kujua nianze kupima wapi. Nina multimita ya kawaida na seti ya spana za inchi.

Fundi_Waya

Mkuu, selfu usinunue kwanza. Taa zinazofifia karibu kuzimika zimekwisha kukueleza jambo: moto unapotelea kabla ya kufika kwenye selfu, au selfu yenyewe imebana na inanyonya kupita kiasi. Multimita itakutenganishia hayo mawili kwa muda mfupi.

Kwa ufupi, sauti zinasomwa hivi. Funguo ikizungushwa pasiwe na mlio wowote, tafuta kwenye swichi ya funguo, swichi ya usalama ya gia au waya mdogo unaokwenda kwenye solenoidi (swichi ya sumaku ya selfu). Ikigonga "tak" na taa zikabaki na mwanga wake uleule, mshukiwa ni sahani ya shaba ndani ya solenoidi, au kaboni za selfu zimeisha. Ikigonga na taa zikafa, ni betri, nyaya nene, eathi, au selfu iliyobana. Wewe uko kundi hili la mwisho.

Vuta kitufe cha kuzimia injini na ukifunge kwa waya kikiwa nje, ili isiwake wakati unapima. Gia nyutro, breki ya mkono imeshikwa, magurudumu yamewekewa mawe. Weka multimita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Mtu mmoja azungushe funguo sekunde nne au tano, wewe usome namba wakati huohuo. Namba ya kabla au ya baada haina maana.

Anza na betri. Ikiwa imetulia ijaze 12.6. Ikisoma 12.4 imebaki robo tatu, 12.0 imebaki kama robo tu, na hapo ichajiwe kwanza kabla ya kipimo kingine chochote. Kisha zungusha selfu, ncha za multimita zikiwa kwenye risasi yenyewe ya nguzo za betri, siyo kwenye kibano cha waya. Isishuke chini ya 9.6. Ikishuka mpaka 7 au 8, ama betri ni mbovu hata kama ni mpya, ama selfu inanyonya mno.

Sasa upande wa chanya. Ncha moja kwenye risasi ya nguzo ya chanya, nyingine kwenye skrubu kubwa ya selfu, ile inayoingia kwenye mota baada ya solenoidi. Kabla ya kuzungusha itaonyesha volti zote 12, ni kawaida. Ikizungushwa ishuke mpaka 0.5 au chini. Ikibaki juu ya hapo, hamisha ncha hiyo ya pili kwenye skrubu ya upande wa betri: ikizidi 0.3 waya ni mbovu, ikiwa chini ya hapo basi kinachokula moto ni solenoidi.

Halafu hasi, na hapa ndipo trekta nyingi kuukuu zinapokamatwa. Ncha moja kwenye risasi ya nguzo ya hasi, nyingine kwenye bodi ya selfu yenyewe, mahali ulipokwangua rangi mpaka chuma kiwe cheupe. Isizidi 0.3.

Kipimo hiki kinafanya kazi pale tu umeme unapopita kweli. Ikigonga "tak" bila kuzunguka na betri ikabaki juu ya 12, namba zote za upotevu zitakudanganya kwa sababu hakuna mzigo. Rudia mpaka upate kipindi inachozunguka kwa uzito, ndicho kizuri cha kupimia.

Kama huna utulivu wa kusoma namba, zungusha kama sekunde kumi, kisha gusa kila kiungo kwa mkono: vichwa vya betri, skrubu za solenoidi, pale eathi inapofungwa kwenye bodi. Kiungo kilichopata moto ndicho kinachokula volti zako.

Mlimaji_Makambako

Asante sana mkuu. Nimepima. Betri ikitulia 12.6. Ikizungusha kwa uzito, kwenye risasi ni 11.3. Chanya mpaka skrubu ya mota 0.4. Hasi mpaka bodi ya selfu 2.9! Kibano cha eathi kwenye bodi kilikuwa cha moto mpaka hakishikiki.

Waya wa eathi uliopo siyo wa awali, ni mwembamba, kama waya wa kuunganishia mashine ya kusaga, na umekazwa juu ya rangi.

Fundi_Waya

Umeshampata. Toa 2.9 na 0.4 kwenye 11.3, selfu inabaki na volti 8. Angalia pia kwamba betri haikushuka chini ya 11: maana yake selfu hainyonyi kupita kiasi, inanyimwa. Ingekuwa imebana, betri ingeporomoka yenyewe.

Nunua waya wa selfu wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 50. Wa 35 utafanya kazi ukiwa mfupi. Waya wa nyumbani usiutumie hata ukiusuka mara tatu. Vichwa vyake vibanwe kwa mashine ya kubania au vichomelewe kwa risasi, visiwe vya kugongwa kwa nyundo, kwa sababu nyuzi zinazocheza ndani huota kutu ya kijani na tatizo linarudi baada ya msimu mmoja.

Unapoifunga, kwangua bodi mpaka chuma kiwe cheupe, na weka washa ya nyota kati ya kichwa cha waya na bodi. Kaza, kisha ndipo upake grisi au vaselini juu yake. Wengi hupaka grisi kwanza halafu wanakaza. Waya mwingine wa unene uleule utoke kwenye nguzo ya hasi moja kwa moja mpaka kwenye bolti mojawapo inayoshika selfu. Eathi inayopita kwenye bodi hutegemea kila kiungo cha chuma kilichopo njiani, na kwenye trekta ya umri huu viungo hivyo vimejaa mafuta na kutu.

Chanya ya 0.4 ni ya kukubalika, ila safisha skrubu zake ukiwa hapohapo. Fungua kwanza kichwa cha hasi kwenye betri kabla hujagusa chochote kwenye solenoidi, maana spana ikigusa skrubu hiyo na bodi kwa pamoja utapata shoti ya kuchoma mkono.

Na jambo moja nalisisitiza kwa kila anayesoma hapa. Msiwashe trekta kwa kuunganisha skrubu za selfu kwa bisibisi mkiwa mmesimama chini. Njia hiyo inairuka swichi ya usalama, gia ikiwa imeingia trekta inaondoka palepale, na gurudumu la nyuma linapita ulipo. Watu wamekufa hivyo. Kama waya mdogo wa solenoidi haupati moto, weka taa ya majaribio ya volti 12 ukafuate waya: swichi ya funguo, swichi ya gia, solenoidi. Kwenye 135 swichi ya usalama inafuata mkono wa H na L (gia za juu na za chini), lazima uwe katikati. Ukiutikisa kidogo huku funguo imezungushwa na selfu ikaitika, swichi hiyo imelegea au imechakaa. Rekebisha au weka mpya, usiiunganishe moja kwa moja.

Bonde_La_Ufa

Salamu kutoka Molo, huku nako asubuhi baridi inauma. Hongera kwa eathi, na usishangae moshi mweupe ukipungua wenyewe: injini ikizunguka polepole hewa haipati joto la kutosha kuwasha dizeli. Lakini kwa nyuzi za chini kama za Njombe, naamini bado utahitaji hita, na kwenye hizi mashine kuukuu mara nyingi hita imekufa zamani na hakuna aliyejua kwa sababu mchana inawaka bila hiyo.

Moshi mweupe wakati wa kuzungusha ni dizeli iliyofika kwenye silinda ikashindwa kuwaka. Hiyo ni habari njema kwa pampu yako. Pampu ikiwa haitoi, au kitufe cha kuzimia kimekwama, au mfumo umeshika upepo, hutaona moshi wa rangi yoyote. Kwa hiyo pampu na nozeli zisiende mjini bado. Trekta inayolima siku nzima kwa nguvu na kushika mara moja ikiwa ya moto haina dalili ya pampu iliyochoka.

Angalia manifoldi ya kuingizia hewa. Pale imefungwa Thermostart ya CAV: kitu kama plagi, kina waya mmoja wa umeme na kibomba chembamba cha dizeli kinachotoka kwenye kikopo kidogo cha akiba. Ukishikilia funguo kwenye H (hita), koili yake inapata moto, inafungua vali ndogo, dizeli inadondoka juu ya koili na kuwaka ndani ya manifoldi. Ukienda HS (hita na selfu) selfu inavuta hewa ile ya moto kuingia kwenye silinda.

Inakufa kwa njia tatu. Koili kukatika: ng'oa waya wake, pima ohm kati ya terminali na bodi yake. Inatakiwa kama ohm 1. Ikionyesha hakuna njia kabisa, imekufa. Ya pili, umeme haufiki: rudisha waya, shikilia H, pima kwenye terminali hiyo. Inavuta kama ampea 12, kwa hiyo swichi ya funguo iliyochakaa inaweza kuonyesha volti 12 bila mzigo na kuanguka mpaka volti 6 hita ikiwa imeunganishwa. Ya tatu ndiyo ya kawaida kuliko zote: kikopo kikavu. Aliyebadilisha nozeli au tangi aliziba kibomba kwa bolti, au kimejaa uchafu. Kikopo hujazwa na dizeli inayorudi kutoka kwenye nozeli, kwa hiyo ukikifungua ukijaze kwa mkono kabla ya kujaribu, la sivyo koili itaungua bila mafuta na kukatika.

Jaribio la mwisho ni kwa macho. Fungua mpira wa hewa kwenye manifoldi, sogeza vitambaa na mafuta mbali. Shikilia H sekunde 15 mpaka 20. Utaona wekundu, kisha mwali mdogo. Wekundu bila mwali ni dizeli haifiki. Dizeli inayodondoka bila kushikilia H ni vali iliyovuja; hiyo inalowesha manifoldi usiku kucha na yenyewe huleta moshi mweupe. Dukani taja jina Thermostart, usije ukapewa themostati ya maji ya rejeta.

Uwashaji wenyewe basi: mkono wa mafuta wazi kabisa, H sekunde 15 mpaka 20, HS isizidi sekunde 15. Haijashika? Acha nusu dakika selfu ipoe, rudia H tena. Usipige selfu dakika nzima mfululizo.

Na dawa ya kupuliza yenye etha usiitumie kwenye injini yenye hita hii, hata mara moja. Inakutana na koili nyekundu na kulipukia kwenye manifoldi. Hata hita ikiwa mbovu, etha inawaka mapema kuliko dizeli na kuvunja ringi za pistoni.

Mlimaji_Makambako

Eathi mpya mbili zimefungwa, za 50. Hasi mpaka bodi ya selfu sasa ni 0.1, na inazunguka kwa kasi ambayo sikujua inayo. Hita: waya ulikuwa umeng'olewa na kufungwa tepu, na kibomba cha dizeli kimezibwa kwa bolti kama alivyosema Bonde. Ohm ni 1.1.

Nimekifungua kibomba, kikopo nimejaza. Mwali unaonekana. Ila sasa imezuka jipya: inashika, inanguruma kama dakika moja, inazima. Ukizungusha tena hakuna moshi.

Bonde_La_Ufa

Hakuna moshi, basi sasa umeshika upepo. Uligusa viungo vya dizeli, au filta imelegea. Fanya hivi.

Kwanza kaza kila kiungo kuanzia tangi mpaka pampu, na angalia washa za shaba. Washa iliyokwisha kubanwa mara nyingi haizibi tena, weka mpya. Kama filta ni ile ya CAV 296 na hujui ilibadilishwa lini, ibadilishe sasa pamoja na mipira yake yote. Mpira wa zamani uliobaki juu kwenye kichwa cha filta na mpya ukawekwa juu yake ni chanzo kikubwa cha upepo, angalia kwa makini.

Legeza skrubu ya kutolea upepo juu ya filta. Pampu ndogo ya ubavuni mwa injini ina mkono wa kupigia dizeli. Ukiupiga na ukawa mlegevu bila kusukuma chochote, haijafa: kemu (nundu ya injini inayoisukuma) imeishikilia juu. Geuza injini mzunguko mmoja, jaribu tena. Piga mpaka dizeli itoke bila povu, kaza skrubu huku inatoka.

Nenda pampu kubwa. Ina skrubu mbili za upepo, moja ubavuni kwenye bolti inayoshikilia kichwa cha pampu, nyingine juu kwenye nyumba ya gavana. Zilegeze zote, piga mkono, kaza ya ubavuni kwanza ikishatoa dizeli safi, kisha ya juu. Skrubu hizi ni laini, zikazwe kwa kiasi, zikivunjika utaumia kuzitoa.

Mwisho, legeza nati za bomba za nozeli mbili kati ya tatu, spana ya 5/8. Kitufe cha kuzimia kiwe kimesukumwa ndani, mkono wa mafuta wazi kabisa, zungusha selfu mpaka dizeli iruke kwa vipigo. Kaza. Usiweke kidole wala uso mbele ya nati hiyo. Dizeli ya shinikizo la nozeli inapenya ngozi, na jeraha lake ni la kukimbizwa hospitali hata kama linaonekana dogo.

Ikirudi tena kesho, weka kipande cha mpira unaopitisha mwanga kati ya filta na pampu, utaona mapovu yanatoka upande gani.

Mkereketwa_Kibosho

Mada nzuri. Ninayo Ferguson TE-20 ya petroli, selfu inazunguka vizuri lakini haishiki. Mambo ya hita na upepo naona hayanihusu?

Fundi_Waya

Hayakuhusu mkuu, yako inawashwa kwa cheche. Eathi tu inakuhusu.

Ng'oa waya mnene wa katikati kwenye distribyuta, ushike kwa koleo lenye mpira, ncha iwe milimita 6 hivi kutoka kwenye bodi ya injini, mtu azungushe. Cheche ya buluu yenye mlio maana yake koili na platini (pointi za ndani ya distribyuta) ziko sawa, tafuta kwenye kifuniko, rota, nyaya na plagi. Kifuniko kikaushe na ukikague dhidi ya mwanga, ufa wenye mstari mweusi unapeleka moto pasipotakiwa. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, hakikisha hakuna aliyechanganya nyaya.

Cheche ya njano iliyodhoofu, au hakuna: fungua platini. Zikiwa na utando wa kijivu zisugue kwa msasa laini, zifute kwa kitambaa chenye petroli, usiache vumbi. Zikiwa zimeungua na kuota kijimlima upande mmoja, kondensa imechoka, badilisha vyote viwili pamoja. Koili ya volti 12 ipimwe kati ya terminali zake ndogo, SW na CB: ohm 3 mpaka 4.

Na kabla ya kufunga betri angalia eathi yake. TE-20 zilitoka kiwandani zikiwa na chanya kwenye bodi. Kama bado iko hivyo, waya wa CB ndio unaokwenda kwenye distribyuta. Kama mtu alishaigeuza kuwa hasi kwenye bodi, nyaya hizo mbili za koili zibadilishane nafasi. Usipozibadilisha cheche itatoka, lakini dhaifu, na utabadilisha plagi bure.

Mlimaji_Makambako

Mrejesho. Upepo ulikuwa kwenye filta, mipira miwili ya juu ilikuwa imepandana. Baada ya kutoa upepo na H ya sekunde 20, leo alfajiri imeshika kwa mzunguko wa kwanza, moshi mweupe kidogo ukapotea. Swali la mwisho: N70 inatosha au ninunue N100?

Fundi_Waya

Kwa selfu inayopata moto kamili, N70 itakuendesha. Kwenye baridi ya kwenu N100 ni bora, kwa sababu hita inakula yake kabla selfu haijaanza. Itumie hii iliyopo mpaka ife. Pima tu altaneta injini ikiwa kwenye mwendo wa kazi: kwenye nguzo za betri isome kati ya 13.8 na 14.4. Chini ya 13.5 kaza mkanda kwanza kabla ya kumlaumu mtu wa betri. Na ukipata nafasi injini ikiwa baridi, angalia vali: 0.30 mm, zote sita. Vali iliyobana inavujisha kompresheni, na hilo nalo huonekana asubuhi kabla ya kuonekana shambani.